Moto chini ya kiti: mfumo wa kuzimia moto wa injini kwa magari ya milima ya Usambara

BARABARA itokayo Mombo, wilayani Korogwe, hadi mjini Lushoto ina urefu wa takribani kilometa 33 tu. Hata hivyo, ndani ya mwendo huo gari hupanda kiasi cha mita 1,000, likifuata kona zilizochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukiwa mwamba na upande wa pili bonde.

Kwa injini, hiyo ni kazi nzito. Gari hupanda kwa gia ndogo, mwendo ni wa polepole na upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo, huku mzigo wa abiria au wa mboga ukiwa uleule. Joto la ekzosi hupanda kwa kasi kuliko katika barabara ya tambarare.

Gari likisimama Soni kushusha abiria na injini ikazimwa, joto halishuki papo hapo. Feni husimama, maji huacha kuzunguka, na kwa dakika kadhaa sehemu zilizo jirani na ekzosi huendelea kupata moto zaidi. Ndiyo maana baadhi ya magari huanza kutoa moshi yakiwa yamesimama.

Katika mazingira ya namna hiyo, swali la mfumo wa kuzimia moto uliofungwa moja kwa moja kwenye injini si la magari ya mashindano peke yake. Linawahusu pia madereva na wamiliki wa magari ya abiria na mizigo yanayopanda kwenda Lushoto, Bumbuli, Mlalo na Mtae.

Kwa nini mtungi wa mkononi hautoshi

Mtungi mdogo wa kuzimia moto ni kifaa cha lazima, na hakuna mfumo unaoweza kuchukua nafasi yake. Tatizo ni namna ya kuufikisha kwenye moto.

Katika magari mengi yanayotumika kubeba abiria milimani, injini haiko mbele chini ya boneti. Katika Toyota Hiace na Noah za matoleo ya zamani, injini imekaa chini ya viti vya mbele. Katika Coaster nyingi imefunikwa kwa kifuniko kilicho kati ya dereva na abiria wa mbele. Katika malori aina ya Canter na Fighter, injini iko chini ya kichwa cha gari.

Maana yake ni kwamba dereva anayetaka kuupulizia moto dawa analazimika kwanza kuinua kiti, kifuniko au kichwa cha gari. Kwa kufanya hivyo anaupatia moto kile unachokitafuta, yaani hewa. Mwali uliokuwa mdogo huruka na kuingia ndani, mahali ambapo abiria bado wamekaa.

Aidha, umbali una uzito wake. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na inapaswa kupigwa mapema. Lakini hata gari la zimamoto lenye dereva hodari litalazimika kupita kona zilezile, ilhali moto wa injini unaweza kuingia sehemu ya abiria ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo lengo la mfumo uliofungwa si kuliokoa gari. Lengo ni kununua dakika za kufungua milango na kuwatoa watu wote. Fundi na mmiliki wakilielewa hilo tangu mwanzo, maamuzi mengine yote huwa mepesi.

Moto huanzia wapi

Moto wa injini huhitaji vitu vitatu: kinachoungua, joto na hewa. Hewa haiwezi kuzuiwa kabisa, hivyo kazi hubaki katika viwili vya kwanza.

Kinachoungua mara nyingi ni petroli au dizeli inayovuja kwenye mpira uliozeeka, klipu iliyolegea au bomba la sindano lililopasuka. Oili ya injini, mafuta ya usukani na mafuta ya breki nayo huungua. Matambara yaliyosahauliwa na fundi, majani makavu na viota vya panya huongeza kuni.

Katika vipimo vya maabara, mvuke wa dizeli huweza kuwaka wenyewe, bila cheche, kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 200 za Selsiasi, na ule wa petroli kwenye joto linalozidi nyuzi 250. Juu ya chuma kilicho wazi joto linalohitajika huwa kubwa zaidi, lakini ekzosi ya injini inayopanda mlima ikiwa na mzigo huweza kupita nyuzi 500.

Chanzo kingine ni umeme. Waya wa redio, taa za ziada au chaja uliounganishwa moja kwa moja na betri bila fyuzi, kisha ukasuguliwa na bati hadi ukachubuka, hutoa cheche na joto la kutosha kuyeyusha plastiki. Betri ya gari ina nguvu ya kuufanya waya huo uwe mwekundu.

Hatua ya kwanza: kukata mafuta na umeme

Kosa kubwa katika mifumo mingi ya kienyeji ni kuanza na mtungi. Dawa yoyote huisha ndani ya muda mfupi. Ikiwa pampu bado inasukuma mafuta na waya bado unatoa cheche, moto utarudi mara tu dawa itakapokwisha, na safari hiyo hakutakuwa na kitu cha kuuzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufunga swichi kuu ya kukata umeme wa betri, mahali ambapo dereva anaifikia akiwa amekaa na mtu mwingine anaweza kuifikia akiwa nje. Swichi hiyo lazima iwe na uwezo wa kubeba umeme wa stata, si swichi ya taa.

Injini ikiwa inaunguruma, alteneta huendelea kuzalisha umeme hata betri ikikatwa. Kwa sababu hiyo injini huzimwa kwanza, kisha umeme hukatwa. Kuzima injini pia husimamisha feni, ambayo vinginevyo ingepeperusha dawa na kuchochea mwali.

Katika gari la petroli lenye pampu ya umeme, kukata umeme husimamisha mafuta. Baadhi ya injini za dizeli za zamani haziko hivyo: zikishawaka huendelea kuunguruma bila kuhitaji umeme. Magari hayo yanahitaji kebo ya kuzimia injini inayofanya kazi sawasawa, au koki ya kufunga mafuta karibu na tangi.

Hatua hii pekee, pamoja na kubadilisha mipira ya mafuta iliyozeeka na kufunga fyuzi karibu na betri, huzuia mioto mingi kuliko mtungi wowote.

Kuchagua dawa

Unga mkavu huangusha mwali kwa haraka na hupatikana kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba haupozi chuma, hivyo mafuta yanaweza kuwaka tena yakigusa ekzosi. Isitoshe, unga hushindiliwa na mtikisiko wa barabara mbovu, na ukipitishwa kwenye bomba jembamba lenye kona nyingi hujitenga na gesi inayousukuma na kuziba njia. Mifumo ya unga inayouzwa hupimwa kwanza kiwandani pamoja na mabomba yake. Fundi wa gereji hana njia ya kuupima.

Unga wa matumizi mchanganyiko, ule wa madaraja A, B na C, huacha pia mabaki yanayokula aluminiamu na nyaya yasiposafishwa mapema.

Gesi ya kaboni dayoksaidi haiachi uchafu, lakini chumba cha injini kiko wazi chini na pembeni, hivyo gesi hutoweka upesi. Mtungi wake hubeba shinikizo la zaidi ya bar 50 katika joto la kawaida. Katika gari ambalo injini iko chini ya viti, gesi hiyo inaweza kuingia ndani na kuwanyima abiria hewa.

Povu, yaani maji yaliyochanganywa na dawa ya kutengeneza utando juu ya mafuta, hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupoza chuma na hufunika mafuta. Mitungi mingi ya aina hii hutumia shinikizo la kati ya bar 10 na 15, na povu hupita vizuri kwenye bomba. Kwa kazi ya gereji, ndiyo dawa inayofaa zaidi. Baadhi ya povu za zamani zina kemikali za florini zisizooza katika udongo na maji, hivyo inapowezekana ichaguliwe aina isiyo na florini, hasa katika milima ambayo chemchemi zake zinategemewa na vijiji vilivyo chini.

Mitungi ya zamani yenye haloni isitumike. Gesi hizo huharibu tabaka la ozoni, na utengenezaji wake umesimamishwa duniani kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987.

Kinachoweza kutengenezwa na kisichoweza

Neno "kienyeji" lisieleweke vibaya. Katika mfumo huu kuna sehemu ambazo fundi mzuri anaweza kuzitengeneza kwa mkono wake, na kuna zile ambazo hapaswi kuzigusa.

Mtungi, valvu na geji yake vinunuliwe vikiwa vimekamilika, vikiwa na alama ya ubora na tarehe ya kupimwa, vya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kuunganishwa na bomba. Kujaza upepo wa kompresa katika mtungi wa gesi ya kupikia, tangi la breki za upepo au kopo lililochomelewa ni kutengeneza bomu na kulilaza chini ya abiria.

Wapo wanaotumia pampu na tangi la maji ya vaipa. Njia hiyo haina maana: maji ni kidogo, msukumo ni dhaifu, na pampu yenyewe inategemea umeme uleule unaopaswa kukatwa.

Kinachobaki kwa fundi ni vikalio, mikanda ya chuma, mabomba, matundu ya kupitishia, kebo ya kuvutia na swichi. Hapo ndipo ustadi wake unapoonekana.

Jinsi ya kufunga

Mtungi hukaa nje ya chumba cha injini, mahali penye ubaridi, palipotenganishwa na injini kwa bati, na ambapo geji inaonekana bila kufungua kitu. Hufungwa kwa mikanda ya chuma na bolti zinazopita kwenye sakafu zikiwa na bati la kuimarisha upande wa chini. Mtungi uliolegea hugeuka kombora gari linapogonga.

Mitungi mingi ina mrija wa ndani unaofyonza dawa kutoka chini. Mtungi wa aina hiyo ukilazwa, hutoa gesi na kuiacha dawa ndani. Maelekezo ya mtengenezaji kuhusu mkao wake yafuatwe, na ikumbukwe kwamba katika barabara ya Soni gari lenyewe hukaa mshazari.

Bomba la chuma kama lile la breki ndilo linalofaa. Bomba la plastiki huyeyuka kabla ya kufikisha dawa, na la shaba hukakamaa na kupasuka kwa mtikisiko. Bomba lifungwe kwenye bodi ya gari, si kwenye injini inayotikisika, na kila linapopita kwenye bati liwekewe mpira wa kuzuia msuguano.

Nozeli mbili hadi nne hutosha kwa gari dogo. Moja huelekezwa kwenye pampu na mabomba ya mafuta, nyingine upande wa ekzosi na turbo, na nyingine huwekwa juu ili dawa ishuke. Kila nozeli huwekewa kifuniko chepesi kinachoruka dawa inapokuja, kwani vumbi jekundu na tope la Usambara huweza kuziba tundu dogo ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kichochezi rahisi ni kebo ya kuvuta yenye pini ya usalama, iliyo karibu na dereva, na ya pili iliyo nje ya gari. Kipo pia kichochezi kinachojiendesha chenyewe: mrija wa plastiki maalumu uliojazwa gesi ya shinikizo, unaopitishwa juu ya injini na kupasuka pale unapounguzwa. Mrija huo lazima uwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo na uliopimwa pamoja na valvu yake. Mpira wa kawaida hupasuka kwa joto la kawaida la injini, au hukataa kupasuka wakati wa moto.

Kabla ya mtungi kuunganishwa, mabomba hupimwa kwa maji safi yanayosukumwa kwa shinikizo dogo, injini ikiwa baridi. Kila nozeli inapaswa kutoa maji, na maji hayo yafike mahali palipokusudiwa. Baada ya hapo mabomba hukaushwa.

Wakati moto unapotokea

Mfumo hauna faida kama dereva hajui utaratibu. Wa kwanza ni kusimamisha gari upande salama, kuvuta breki ya mkono na kuzima injini. Kondakta huweka jiwe au gogo kwenye tairi, kwa kuwa gari lenye moto likianza kurudi nyuma kwenye mteremko huleta msiba wa pili.

Abiria hutolewa mara moja, bila kusubiri mizigo. Wakati huohuo umeme hukatwa na kebo ya mtungi huvutwa. Watu wakae mbali, upande wa juu wa mteremko, kwa sababu mafuta yanayowaka hutiririka kuelekea chini.

Boneti, kiti au kifuniko cha injini kisifunguliwe, hata kama moshi umepungua. Chuma bado ni cha moto, na hewa mpya inaweza kuuamsha moto upya. Mtungi wa mkononi hushikwa tayari kwa ajili ya mwali unaoonekana kupitia uwazi wa chini au wa pembeni.

Mipaka ya mfumo

Mfumo wa injini hauzimi moto wa magurudumu. Katika kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, breki zilizokanyagwa mfululizo huweza kuwasha mafuta ya gurudumu na tairi. Dawa ya huko ni gia ndogo na breki nzima.

Vilevile, hauwezi kushindana na tangi la mafuta lililopasuka baada ya ajali. Juni 28, 2025, basi na basi dogo yaligongana wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, katika barabara kuu ileile ipitayo Mombo, na kuwaka moto. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha. Msiba wa aina hiyo huzuiwa kwa mwendo, matairi na milango ya dharura inayofunguka.

Betri kubwa za magari ya umeme na ya mseto nazo ni suala tofauti, na hazizimwi kwa mtungi wa kilo chache.

Kwingineko duniani

Wazo la mtungi uliounganishwa na nozeli limezoeleka katika mashindano ya magari. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIA, linayataka magari ya rali yawe na mfumo uliofungwa, na swichi yake ya nje huwekewa alama ya herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 yakiwa chini ya masharti ya namna hiyo.

Kwa mabasi, Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi za Ulaya, ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 2010 ili mabasi yenye injini nyuma ya dereva yawe na mfumo wa kuzima moto katika chumba cha injini. Kilichokuwa kifaa cha wanamichezo kimekuwa haki ya abiria.

Ukaguzi

Nchini Tanzania, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo jukumu la kukagua na kushauri kuhusu kinga ya moto. Mmiliki anayefunga mfumo wa ziada anapaswa kuwaonyesha maofisa wake kabla ya kubeba abiria, na kuiarifu kampuni yake ya bima kwamba gari limebadilishwa.

Kila asubuhi kabla ya safari, dereva hutazama geji, pini ya usalama na vifuniko vya nozeli. Kila mwezi hujaribu swichi kuu injini ikiwa imezimwa, na hukagua kama kebo inateleza bila kukwama, mtungi ukiwa umetenganishwa. Mtungi wenyewe hupelekwa kwa mtaalamu kwa tarehe iliyoandikwa juu yake.

Ukaguzi huo huchukua dakika tano. Ndizo dakika ambazo kondakta wa gari liendalo Mlalo anaweza kuzitumia akisubiri kiti cha mwisho kijae, na ndizo atakazozihitaji iwapo moshi utaanza kupenya chini ya kiti cha dereva katikati ya kona za Soni.